Sifuri Inayodanganya: Mwongozo Kamili wa Kusoma Pati Ngumu Kwenye Gofu ya Mtandaoni

Mpira uko futi 24 kutoka shimoni. Pembeni ya skrini mchezo umeandika tofauti ya kimo: inchi 0. Mchezaji mgeni anaona amepewa zawadi, analenga katikati ya shimo, anaweka nguvu ya futi 25 na kupiga. Mpira unaenda vizuri mpaka zimebaki futi chache, halafu unageuka kushoto na kupita shimo kwa mkono mzima. Anaandika kwenye gumzo kwamba mchezo unaiba.

Mchezo hauibi. Ile sifuri ni kweli tupu, ila inapima ncha mbili tu: pale mpira ulipo na pale shimo lilipo. Haisemi lolote kuhusu njia iliyo katikati. Karibu pati zote (mipigo ya kuubiringisha mpira kuelekea shimoni) za kudanganya ziko hivyo: namba ya kimo inakusaidia kupanga nguvu, lakini haikuambii mpira utapinda kiasi gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma njia yenyewe.

Mifano mingi naitoa kwenye WGT (World Golf Tour), mchezo ulioanzia kwenye vivinjari mwaka 2008 na kununuliwa na Topgolf mwaka 2016, kwa sababu viwanja vyake vimejengwa kwa picha za viwanja halisi: St Andrews, Pebble Beach, Oakmont, Pinehurst No. 2 na vinginevyo. Ukicheza mchezo mwingine wenye wavu wa vitone vinavyotembea juu ya griini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), mengi yatakufaa vilevile. Hesabu nilizoweka zinatokana na fizikia ya mpira unaobiringika. Mchezo wako unaweza kuzivuta huku au kule kidogo, kwa hiyo sehemu ya mazoezi usiiruke.

Kabla ya kuanza: kasi ya griini

Kila kitu kinategemea kasi ya griini. Kwenye gofu ya kweli hupimwa kwa stimpmita, kijia alichokibuni Edward Stimpson baada ya kutazama mashindano ya US Open ya mwaka 1935 pale Oakmont, Marekani. Cha siku hizi ni cha alumini, urefu inchi 36. Mpira unaachiwa ubiringike kutoka kwenye kijia hadi sehemu tambarare, na idadi ya futi unazokwenda ndiyo kasi. Griini ya 8 ni nzito. Ya 13 ni ya kuteleza, na huko kosa dogo la kusoma linakuwa kosa kubwa.

Tafuta namba hiyo kabla hujaanza raundi. Kama mchezo unatumia majina badala ya namba, utaipata mwenyewe kwa zoezi nililoweka huko chini.

Hatua ya 1: Anzia shimoni

Wengi husoma kutoka kwenye mpira kwenda mbele. Geuza. Peleka kamera karibu na shimo, kisha tazama futi 5 au 6 za mwisho kabla ya kitu kingine chochote.

Sababu ni hii. Mpira ukiwa na kasi, mteremko wa pembeni haupati muda wa kuuvuta. Ukipungua kasi, muda unakuwa mwingi. Chukua griini yenye mteremko wa pembeni ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na mpira unaofika shimoni ukiwa unakufa, yaani karibu kusimama: ukifika robo tatu ya safari, umepinda asilimia 40 tu ya mpindo wote. Asilimia 60 iliyobaki inatokea katika robo ya mwisho. Kwenye pati ya futi 24, hizo ni futi 6 za mwisho. Kwa hiyo griini ikielekea kulia kwa futi 12 za mwanzo na kushoto kwa futi 12 za mwisho, na miteremko ikawa sawa kwa ukali, usidhani inafutana. Kushoto kunashinda, tena kwa mbali.

Kuna sababu ya pili, na hii inatokana na kamera. Kitone kilicho futi 30 mbele yako kinaonekana kwenda taratibu kuliko kilicho karibu na mpira, hata kama mteremko ni ule ule, kwa sababu umbali unakifanya kidogo. Ukisoma ukiwa nyuma ya mpira, unaipa sehemu isiyo na maana kubwa uzito mkubwa, na ile inayoamua unaiona imetulia. Hapo ndipo yule mgeni wa futi 24 alipopotelea.

Hatua ya 2: Soma vitone vizuri, hasa vya hanamu

Mwendo wa kitone unaonyesha upande ambao mpira utavutwa. Wepesi wake unaonyesha ukali wa mteremko. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba vitone hutembea juu ya mistari ya wavu tu, na griini haijui mistari yako imekaa vipi.

Tuseme mteremko umekaa hanamu, unashuka kuelekea mbele na kulia kwa wakati mmoja. Hakuna kitone kitakachokwenda hanamu. Utaona vya mstari wa mbele vikienda mbele kwa wastani, na vya mstari wa pembeni vikienda kulia kwa wastani. Jicho linachukua kimoja na kusema "mteremko wa kawaida". Lakini hanamu kamili ikigawanywa pande mbili, kila upande unaonyesha kama asilimia 70 tu ya mteremko wenyewe. Ukiona mwendo wa wastani pande zote mbili, jua upo kwenye mteremko mkali, na ni wa kushuka pia, jambo ambalo litaongeza mpindo.

Kama toleo lako linapaka wavu rangi za juu na chini, kumbuka rangi inahusu kimo. Eneo lenye rangi moja linaweza kuwa tambarare, na mahali rangi zinapobadilika haraka ndipo kuna mteremko mkali. Rangi naitumia kutafuta kilima kiko wapi. Kwa mpindo naamini vitone.

Hatua ya 3: Kata njia mahali inapobadilika

Sasa fuata mstari kutoka shimoni kurudi kwenye mpira na utafute mahali vitone vinapogeuza mwelekeo au vinaposimama. Hapo ndipo pa kukata. Pati nyingi zina vipande viwili, chache zina vitatu. Kwa kila kipande jiulize urefu wake, kimepanda au kimeshuka inchi ngapi, na kinaegemea upande gani. Kama mchezo unaonyesha kimo unaposogeza alama ya kulenga, isogeze hadi pale pa kukata upate namba. Kama hauonyeshi, kadiria.

Hatua ya 4: Nguvu

Kanuni ya kuanzia ni rahisi: gawanya kasi ya griini kwa 10, utapata futi za kuongeza au kupunguza kwa kila inchi ya kimo. Griini ya 8, futi 0.8 kwa inchi. Ya 10, futi 1. Ya 13, futi 1.3. Kwa hiyo kadiri griini inavyoteleza ndivyo kila inchi inavyokugharimu zaidi, na wale waliokariri "inchi moja futi moja" wakihamia griini za kasi hufika pungufu wakipanda na kupitiliza wakishuka.

Pati ya futi 18, kupanda inchi 6, kasi 12: inchi 6 mara 1.2 ni futi 7.2, jumla futi 25.2. Ya kushuka inchi hizohizo: 18 kutoa 7.2, inabaki 10.8.

Halafu ongeza kidogo ili mpira upite shimo. Dave Pelz, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi NASA kabla ya kugeukia gofu, alifika kwenye inchi 17 kupita shimo kama kasi nzuri kwa pati za uwanjani. Kwenye mchezo nalenga futi moja hadi moja na nusu, ila kiasi unachoongeza kwenye kipimo cha nguvu hakiwi sawa kila mahali. Katika mfano wetu wa kushuka, futi 1 ya nguvu ya ziada itauvusha mpira kama futi 1 na theluthi mbili. Wa kupanda, futi hiyohiyo itauvusha chini ya robo tatu ya futi. Kwa hiyo ukipanda ongeza futi 1.5 hadi 2 bila woga, na ukishuka ongeza futi 0.7 tu.

Ipo pia miteremko ambayo mpira hausimami kabisa. Kwa griini ya 10, mpaka wake ni kushuka takriban inchi 1 kwa kila futi. Kwa griini ya 13 ni kama robo tatu ya inchi. Shimo likiwa kwenye mteremko wa namna hiyo, hakuna nguvu ya "kufia shimoni". Piga ukilenga mpira upite katikati kabisa, au kubali kuweka mpira chini ya shimo na kumaliza kwa pati mbili. Ni uamuzi wa kufanya kabla ya kupiga.

Sasa turudi kwenye sifuri

Hapa ndipo pati za kudanganya zinapofunguka, kwa hiyo twende polepole. Futi 24, kimo 0, kasi 11, yaani futi 1.1 kwa inchi. Kuna griini mbili tofauti zinazoweza kuandika namba hizo.

Ya kwanza ina kilima. Futi 14 za mwanzo zinapanda inchi 5, futi 10 za mwisho zinashuka inchi 5. Mpira unaanza na nguvu ya futi 24. Kufika kileleni umetumia futi 14 za umbali na futi 5.5 za kupanda, jumla 19.5. Umebaki na nguvu ya futi 4.5, lakini mbele yako kuna futi 10. Utafika, kwa sababu mteremko utausukuma, ila utazitembea hizo futi 10 zote kwa mwendo wa kinyonga. Chochote kilichoko pembeni ya njia hapo kitauvuta mpira kwa nguvu zote.

Ya pili ina bonde. Futi 10 za mwanzo zinashuka inchi 5, futi 14 za mwisho zinapanda inchi 5. Mpira ukifika chini ya bonde umetumia futi 10 na kurudishiwa 5.5: bado una nguvu ya futi 19.5. Unaanza kupanda ukiwa na kasi, na mpindo wa pembeni unakuwa mdogo mpaka futi chache za mwisho.

Nguvu ya kupiga ni ileile katika griini zote mbili: futi 24 na nyongeza yako. Kimo cha jumla hakijadanganya kuhusu nguvu. Lakini mteremko wa pembeni ulio sawa kabisa kwenye kipande cha mwisho utakutoa nje ya shimo kwenye griini ya kilima, na kwenye ya bonde utakupa mpindo wa kawaida. Hesabu ya kukumbuka ni hiyo ya pale pa kukata njia: nguvu iliyobaki, ulinganishe na futi zilizobaki. Nguvu ikiwa pungufu ya futi, lenga mbali zaidi ya vile jicho linavyotaka. Ikiwa zaidi, rudi karibu na shimo.

Hatua ya 5: Mpindo kwa namba

Kwa pati isiyopanda wala kushuka, anza hivi: griini ya kasi 10, futi 10, mteremko wa pembeni wa asilimia 1 (inchi 1.2 za kimo kwa futi 10) hupindisha mpira unaopita shimo kidogo kwa inchi 7 hivi. Mteremko ukiwa mara mbili, mpindo mara mbili. Umbali vilevile. Kasi vilevile kwa uwiano wake. Futi 15, asilimia 2, kasi 12: 7 mara 1.5 mara 2 mara 1.2, kama inchi 25. Ni zaidi ya futi mbili pembeni ya shimo, na watu wengi hawana moyo wa kulenga huko. Shimo la gofu lina upana wa inchi 4.25 tu, ukilenga nusu ya mpindo umekosa kwa futi nzima.

Ikiwa pati hiyo inashuka kwa wastani (kama ule mfano wa inchi 6 kwa futi 18), ongeza robo. Ikipanda kwa kiasi hicho, punguza moja ya sita. Kwa pati ya vipande viwili, hesabu kipande cha mwisho kwanza kana kwamba ni pati peke yake, ukitumia nguvu iliyobaki, ndipo usogeze lengo kidogo kwa ajili ya kipande cha mwanzo. Hapa hakuna fomula nzuri ya kichwani, nami sijaona mchezaji mzuri anayeitafuta. Wanasogeza kwa macho kwa sababu kipande cha mwanzo hubeba sehemu ndogo.

Hatua ya 6: Kupiga

Chagua kipimo cha nguvu kifupi kabisa kinachotosha. Pati ya futi 12 kwenye kipimo cha futi 100 ni kubahatisha, kwa sababu unene wa kidole kimoja ni futi kadhaa.

Ukikosa mstari wa katikati wa kipimo, mpira unasukumwa pembeni, na usomaji wako haujajaribiwa. Usijifunze chochote kutokana na pati hiyo. Kwa wanaocheza kwenye simu, kipimo kikianza kugandaganda, funga programu nyingine na uanze upya kabla ya mechi ya maana.

Viwanja vyenye hila zao

Oakmont ina griini za kasi, na griini ya shimo la 1, kama ya 10, inainamia nyuma, mbali na mchezaji. Ukitua mbele ya bendera unaona pati fupi ya kawaida, kumbe ni ya kushuka, na kwa kasi ile kila inchi inahesabika. Pinehurst No. 2, kazi ya mbunifu wa viwanja Donald Ross, ina griini zilizoinuka katikati na kuporomoka kingoni. Pati inayotoka katikati kwenda ukingoni inaanza na vitone vilivyotulia na kuishia kwenye vitone vinavyokimbia, kwa hiyo ni mfano kamili wa kwa nini tunaanzia shimoni.

St Andrews ina griini 7 zinazotumiwa na mashimo mawili kila moja, na namba za mashimo hayo daima hujumlishwa kuwa 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15. Ukiangukia upande usio wako, unabaki na pati ndefu ajabu yenye vilima viwili au vitatu. Hapo acha kuwaza shimo. Soma nguvu kwa uangalifu, soma robo ya mwisho, weka mpira ndani ya futi 3 uendelee na maisha.

Pebble Beach inadanganya kwa mandhari. Picha ina bahari upande mmoja na ardhi inayoinuka upande mwingine, na kwa kuwa ni picha bapa, jicho linachukua ule mwinamo wa nyuma kama ndio tambarare. Wenyeji husema mpira huvutwa kuelekea bahari, na mara nyingi ni kweli. Hata hivyo bahari ikisema hivi na vitone vikasema vile, fuata vitone, maana mchezo unauendesha mpira kwa umbo la griini. Mandhari ni ya kukufurahisha tu.

Mazoezi yanayolipa

Chagua raundi ya mazoezi kwenye uwanja mmoja na kasi moja ya griini. Tafuta pati ya kupanda moja kwa moja, isiyo na mpindo, ya futi 15 hadi 20. Piga nguvu iliyo sawa na umbali tu, bila kuongeza kimo, uone imekosa kwa futi ngapi. Kumbuka kwamba sehemu iliyobaki nayo inapanda, hivyo ongeza nguvu kidogo kidogo kwenye pati kama hiyo mpaka mpira ufike; tofauti ya nguvu ukiigawa kwa inchi za kimo ndiyo futi zako kwa inchi. Zidisha kwa 10 upate kasi halisi ya griini katika mchezo wako, hata kama wao wameiandika kwa jina.

Halafu fanya hivyo kwa mpindo: pati ya futi 10 inayoegemea upande mmoja tu. Tazama kitone kinachukua muda gani kuvuka mraba mmoja wa wavu. Hesabu kwa mdomo, "moja, mbili, tatu". Piga hadi ipatikane, kisha andika muda na inchi ulizolenga. Mistari mitano au sita ya namna hiyo kwenye daftari inatosha kuwa jedwali lako, na itakuwa bora kuliko jedwali la mtu mwingine.

Ukikosa

Usibonyeze kuruka mbele. Mpira ukipita shimo, tazama futi zake za mwisho mpaka usimame, kwa sababu njia hiyo ndiyo utakayorudi nayo. Kama ulipinda kushoto baada ya shimo, pati ya kurudi itapinda upande uleule wa griini, ambao kwako sasa uko kulia. Na kama ulipita ukishuka, unarudi ukipanda, kwa hiyo lenga karibu zaidi na shimo kuliko mpindo uliouona, na uipige kwa uhakika.